Jiko la mkaa chumbani: maswali ninayoulizwa mara kwa mara kuhusu sumu isiyonuka

Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, wilaya ya Temeke. Masika yakianza, na tena upepo wa kusi unapopoza usiku wa Juni na Julai, maswali haya hunirudia kliniki, kwenye vikao vya mtaa, hata ndani ya daladala mtu akishajua kazi yangu. Nimeyakusanya hapa pamoja na majibu yake. Kama huna muda wa kusoma yote, shika hili moja: jiko lenye moto halilali chumba kimoja na watu, hata kama halitoi moshi.

Dar es Salaam ni joto. Nani anaota moto huku?

Wengi kuliko unavyodhani, ila hawaiti kuota moto. Mzazi yuko ndani ya arobaini na bibi kaagiza apashwe joto. Sare za shule hazijakauka siku ya pili na kesho ni Jumatatu, jiko linawekwa katikati ya chumba na nguo zinatandazwa juu ya viti. Mvua imeshuka ghafla uani, jiko limebebwa ndani na maharage yake, watu wakasinzia yakichemka. Kuna vifaranga wa siku tatu wanaohitaji joto usiku kucha. Kuna jenereta mgao unapoanza.

Na kuna safari. Mtu wa Dar anakwenda msibani Makete au Njombe mwezi wa Julai, baridi anaisikia mifupani, na mwenyeji kwa ukarimu wake anamletea jiko chumbani. Mgeni anashukuru na kufunga mlango. Huyu ndiye ninayemhofia kuliko wote, kwa sababu hajazoea, kachoka na safari, na hatamwamsha mtu.

Hiyo sumu ni nini hasa?

Inaitwa kaboni monoksidi. Usiichanganye na hewa ukaa, yaani kaboni dioksidi, ile tunayoitoa tukipumua. Hizi ni ndugu, lakini tabia zao ni mbali.

Mkaa karibu wote ni kaboni. Ukipata hewa ya kutosha huungua na kutoa dioksidi. Ukipungukiwa hewa hutoa monoksidi. Sasa angalia jiko lako lilivyo. Hewa inaingia kwa chini, inakutana na makaa ya chini, inazaa dioksidi. Ile dioksidi inapopanda kupenya katikati ya makaa mekundu ya juu, makaa yale huinyang'anya oksijeni na kuigeuza monoksidi. Ukiwahi kupepea jiko gizani umeiona: vile vimoto vya buluu vinavyochezacheza juu ya makaa ni monoksidi inayoungua. Vikitoweka haina maana kwamba gesi imekwisha. Mara nyingi inaendelea kutoka bila kuungua, inatembea chumbani.

Haina rangi, harufu wala ladha. Haiwashi macho, haimkohozi mtu. Ukiivuta inaingia kwenye damu na kung'ang'ania hemoglobini, ile inayobeba oksijeni, kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe. Viti vyote vya basi vimekaliwa, oksijeni inabaki kituoni. Ubongo na moyo ndivyo vinavyoumia kwanza.

Lakini nasubiri mkaa ukolee nje, moshi uishe, ndipo naliingiza. Si ni salama?

Hapana, na hapa ndipo watu wetu wanapopotelea. Tumelelewa tukiambiwa moshi ndio mbaya, na ni kweli moshi unaumiza mapafu. Lakini moshi una huruma moja: unakufukuza. Unakohoa, machozi yanakutoka, unafungua mlango. Mkaa uliokolea, mwekundu, usio na moshi hata chembe, haukufukuzi. Unapendeza macho na unatoa monoksidi kwa wingi.

Hata ukiufukia majivu ili udumu hadi asubuhi, chini ya majivu unaungua polepole kwa hewa kidogo, na hewa kidogo ndiyo inayozaa sumu hii. Kwa hiyo jiko lililofukiwa majivu si jiko lililozimwa.

Nikiacha dirisha wazi kidogo?

Kidogo ni kiasi gani? Siwezi kukupimia, na wewe huwezi kujipimia, kwa kuwa pua haikusaidii. Upepo unageuka, mvua inaanza kupiga upande ule, mtu anaamka usiku na kulifunga bila kukumbuka jiko.

Halafu nyumba zetu zimebadilika. Ile nyumba ya Kiswahili ya zamani ukuta haukufika kwenye bati, hewa ilipita juu usiku kucha. Siku hizi tuna dari la jipsamu, dirisha la aluminiamu linalobana, nyavu zilizojaa vumbi, na kanga imesokotwa chini ya mlango kuzuia mbu. Bibi anaposema "sisi tulilala na seredani miaka yote na hatukufa", anasema kweli kuhusu nyumba ile. Chumba chako sicho kile chake. Na hata enzi zile wapo waliokufa, isipokuwa kifo kilipewa jina lingine.

Nimeambiwa niweke beseni la maji chumbani linyonye hewa mbaya.

Halinyonyi. Gesi hii haiyeyuki kwenye maji ila kiasi kidogo mno. Beseni, ndoo, vitunguu vilivyokatwa, chumvi pembeni ya jiko: vyote hivi haviiondoi. Ubaya wa beseni ni kwamba linampa mtu amani ya kulala.

Dalili zake ni zipi? Nitatofautishaje na malaria?

Kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika, mwili kuishiwa nguvu, usingizi mzito, kuchanganyikiwa. Wengine hubanwa kifua. Ukiisoma orodha hiyo unaona malaria, au presha, au chakula kibaya, na hivyo ndivyo watu wanavyoiona. Kinachosaidia ni maswali manne. Je, mna homa? Sumu hii yenyewe haileti homa. Je, mmeumwa watu wawili watatu wa chumba kimoja kwa saa ileile? Je, mkitoka nje mnapata nafuu, mkirudi ndani inarudi? Je, kuna kitu kinachoungua humo ndani au jirani?

Miaka miwili iliyopita, mwishoni mwa Aprili, mama mmoja wa Mbagala alinipigia. Mkwewe alikuwa na siku tisa tangu ajifungue, katapika mara mbili tangu alfajiri, na walikuwa wameshanunua dawa ya malaria. Nilipoingia chumbani joto lilinipiga usoni. Chandarua kimechomekwa vizuri pande zote, dirisha limefungwa kwa ajili ya mvua, na chini ya kitanda kuna jiko dogo la bati, makaa yake mekundu yamepangwa kwa upendo kabisa. Moshi hakuna. Nikamuuliza mama mkwe kama na yeye kichwa kinamuuma. Akasema ndiyo, tangu usiku, ila alijua ni presha. Yule kichanga alikuwa kimya, ananyonya kivivu.

Nilimchukua mtoto kwanza, nikamkabidhi kwa jirani kibarazani, nikarudi kumshika mkono mzazi. Tulikaa nje na kanga mabegani, mvua inachuruzika kwenye bati. Haikupita robo saa mzazi akasema kichwa kinapungua. Bajaji ikawapeleka wote watatu hospitali, wakawekewa oksijeni. Walipona. Dawa ya malaria ilibaki kwenye pakiti yake. Bado nafikiria kwamba kama mzazi angeinywa, akajifunika na kulala "apumzike", asubuhi ile ingekuwa nyingine.

Watu wakikutwa wamekufa chumbani bila jeraha, mtaani husema ni jinamizi au mkono wa mtu. Unasemaje?

Ninawaelewa. Familia nzima imelala, hakuna moto, hakuna damu, mlango umefungwa kwa ndani. Na mwenye sumu hii akizinduka kidogo husema alijaribu kuinuka miguu ikakataa, kama aliyekaliwa kifuani. Ni kweli miguu hukataa: misuli imekosa oksijeni kabla hajajitambua. Naomba tu kabla ya kumtaja jirani, mtu aangalie kama kuna jiko ndani, na awaambie polisi na daktari aliliona wapi. Damu ikipimwa inaonyesha.

Mtoto tumboni anadhurika?

Anadhurika zaidi. Damu ya mtoto aliye tumboni inaishika sumu hii kwa nguvu kuliko ya mama na kuiachia polepole kuliko ya mama. Mama anaweza kujisikia nafuu wakati mtoto bado hana oksijeni ya kutosha. Mjamzito aliyekaa kwenye chumba cha jiko na kuumwa kichwa aende hospitali hata kama amepona akifika getini. Wengine wa kuangaliwa kwa karibu ni watoto wadogo, wazee, na wenye ugonjwa wa moyo, pumu au upungufu wa damu.

Basi mzazi apashwe joto vipi? Bibi hatakubali.

Usigombane na bibi, mpe kazi nyingine. Maji ya moto ya kukanda yachemshwe nje na kuletwa ndani kwenye ndoo. Chupa ya maji ya moto ifungwe kwenye kitenge, iwekwe kitandani pembeni ya mzazi, mbali na ngozi ya mtoto. Kichanga hupata joto kuliko kote kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, wakifunikwa pamoja huku uso wake ukiwa wazi. Hivyo ndivyo wanavyofundishwa mama wa watoto njiti wodini, na bibi akiambiwa hivyo na nesi mwenyewe hulegea.

Kuhusu udi na ubani: fukiza mlango ukiwa wazi, kisha toa chetezo nje kabla ya kulala. Kaa moja ni kaa dogo, lakini chandarua nacho ni chumba kidogo.

Nyungu ni hivyohivyo. Epua chungu, beba chungu, liache jiko nje. Blanketi lisifunike jiko na mtu pamoja hata kwa dakika tano.

Nikimkuta mtu kalala hajitambui na jiko liko ndani, nianze na nini?

Na hewa. Piga kelele kwanza watu wajue uko wapi, maana ukianguka humo ndani hapatakuwa na wa kukutoa. Fungua mlango na dirisha, vuta pumzi nje, ingia, mkokote atoke. Usihangaike kuzima jiko wala kutafuta simu yake. Wote watoke, hata anayesema hajambo.

Akiwa nje anapumua lakini hajitambui, mlaze ubavu ili matapishi yasimrudie. Hapumui? Weka viganja katikati ya kifua na ukandamize kwa nguvu na haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mkipokezana, mpaka apumue au msaada ufike. Zimamoto na uokoaji ni 114, polisi 112. Hizi ni namba za kuandika ukutani karibu na mita ya umeme, si za kutafuta usiku.

Nimpe maziwa?

Hapana. Sumu hii iko kwenye damu, imepitia mapafuni, haiko tumboni. Maziwa hayaigusi. Na aliyechanganyikiwa au anayesinzia ukimnywesha chochote unaweza kumpalia. Tafadhali, hili la maziwa tuliache.

Ameshapata nafuu. Bado aende hospitali?

Aende. Akibaki kwenye hewa ya kawaida mwili huchukua saa 4 hadi 6 kupunguza nusu tu ya sumu iliyomo. Kwa oksijeni safi ya barakoa nusu hiyo huondoka kwa saa moja au moja na nusu. Tofauti hiyo ni kubwa kwa ubongo. Oksijeni ipo hospitali za rufaa za mkoa, Amana, Temeke na Mwananyamala, na Muhimbili wana idara ya dharura inayofanya kazi saa 24.

Ukifika sema wazi: "Tulikuwa chumba kimoja na jiko la mkaa" au "jenereta ilikuwa inawaka". Usiseme tu kichwa kinauma. Kile kipimo kinachobanwa kidoleni huwa hakitofautishi damu iliyobeba oksijeni na iliyobeba monoksidi. Kinaweza kuandika 98 mgonjwa akiwa hatarini. Daktari akisikia neno jiko atajua kutokitegemea.

Na wiki mbili tatu baadaye, mtu akianza kusahau ovyo, kubadilika tabia au kutembea kwa shida, mrudisheni. Wakati mwingine madhara ya ubongo huchelewa.

Jenereta ikiwa kwenye korido au balkoni kuna shida?

Shida kubwa kuliko jiko. Kajenereta kadogo ka petroli hutoa monoksidi nyingi kiasi cha kujaza chumba kwa dakika chache. Balkoni si nje ya kutosha, korido si nje, chini ya ngazi si nje, stoo ya nyuma ya fremu si nje. Iwekwe uwanjani, angalau mita 6 kutoka dirisha au mlango wowote, wako na wa jirani, bomba la moshi likitazama upande usio na watu. Mvua ikinyesha ijengewe kibanda cha paa tu kisicho na kuta. Usiiingize ndani.

Kwenye nyumba za kupanga lipo jambo ambalo watu hawalifikirii: dari ni moja. Mpangaji wa chumba cha kwanza anawasha, gesi inapita juu ya dari inamshukia wa chumba cha tatu aliyezima taa zamani. Wenye nyumba, liwekeni hili kwenye masharti ya upangaji, sambamba na zamu ya kufagia uwanja.

Nafuga kuku wa nyama, nalea vifaranga kwa vyungu vya mkaa. Nifanyeje?

Kwanza kijana anayewaangalia asilale humo. Najua analala kwa sababu ya wezi na ya kuongeza mkaa saa nane usiku, lakini kitanda chake kiwe chumba kingine, na akiingia aache mlango wazi. Pili, banda liwe na uwazi juu ya ukuta, lisizibwe lote kwa maturubai. Vifaranga wenyewe hufa kwa hewa hii, na wafugaji wengi wakikuta mizoga asubuhi husema ni baridi, wakaongeza mkaa na kuziba zaidi. Kama umeme upo, taa za joto zina amani kuliko chungu.

Jiko la gesi je?

Gesi ya mtungi ikiungua vizuri, moto wa buluu uliotulia, hutoa monoksidi kidogo sana. Moto ukiwa wa njano na sufuria zinaota masizi, haiungui vizuri: ita fundi asafishe. Usiliwashe kwa ajili ya kupasha chumba joto. Kuvuja kwa gesi ni hatari nyingine, yenyewe imetiwa harufu makusudi ili uisikie. Hita za maji za gesi zisifungwe ndani ya bafu.

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania waachane na kuni na mkaa wa kawaida ifikapo 2034. Naombea ufike. Ila mtu akinunua mtungi akauweka kwa ajili ya chai tu, na jiko la mkaa likabaki la maharage ya usiku, chumba chake hakijabadilika.

Kulala ndani ya gari AC ikiwaka?

Usilale. Gari likiwa gereji iliyofungwa ni mauti ya haraka, na hata likiwa nje, bomba la moshi lililotoboka huingiza gesi ndani.

Kuna kengele ya kuitambua?

Ipo, na ukiwa na jenereta au hita ya gesi inafaa kuwa nayo chumba cha kulala. Angalia iandikwe kwamba ni ya kaboni monoksidi, kwa sababu kengele ya moshi haiitambui kabisa. Zenye viwango huandikwa EN 50291 au UL 2034. Hudumu miaka 5 hadi 10, tarehe iko mgongoni. Anayeomba ndugu aliye nje amletee zawadi, aombe hii. Lakini isiwe ruhusa ya kuingiza jiko.

Nimepanga chumba kimoja. Nikiliacha jiko nje linaibiwa, na mkaa wenyewe ni ghali, siwezi kuumwagia maji kila siku.

Hili ndilo swali la kweli kuliko yote, na wengi hawaliulizi kwa aibu. Mtu haingizi jiko kwa ujinga. Analiingiza kwa sababu kipimo kimoja cha mkaa ni fedha, na jiko likikaa uani asubuhi halipo.

Tafuta debe la bati au sufuria kuukuu lenye mfuniko unaobana. Ukimaliza kupika, ukiwa bado nje, hamisha makaa yote humo kwa koleo na ufunike. Yakikosa hewa huzimika, na kesho unayawasha tena, hujapoteza kitu. Kama mfuniko haubani, zungushia mchanga mbichi. Jiko tupu lipoe, uliingize. Debe lenyewe libaki nje mpaka uliguse kwa kiganja ulikute baridi kabisa, chini na ubavuni. Hiyo huchukua saa kadhaa, kwa hiyo pika mapema. Kama mnapanga wengi, chagueni kona moja ya uani yenye kipande cha bati juu, madebe yenu yote yakae hapo. Nyumba moja ya Yombo wameyafunga kwa mnyororo mmoja na kufuli moja, na ufunguo anakaa nao yule mama anayeamka wa kwanza kuchoma chapati.